Robo karne ya Radio Okapi, ikitazamwa kutoka Masisi na Walikale

Habari nyingi za Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kutoka Masisi au Walikale zina mtu mmoja ambaye hakuchaguliwa na wananchi, hakuteuliwa na Kinshasa, wala kazi hiyo haimpi mshahara. Ni rais wa shirika la kiraia la teritwari, au makamu wake, au msemaji wake. Yeye ndiye husema ni vijiji gani vimehamwa tangu juzi, daraja lipi limebebwa na maji, kizuizi kipi barabarani kinatoza watu wa soko na kwa kiasi gani. Akishamaliza anafuata msimamizi wa teritwari, na baada ya huyo msemaji wa jeshi, ambaye mara nyingi hukanusha. Tumeuzoea utaratibu huo hata tunadhani ulikuwapo siku zote. Kabla ya 2002 haukuwapo.

Februari 2027 Radio Okapi itatimiza miaka 25. Hotuba zitakuwa nyingi, na zitatoka Kinshasa kwa sababu ndiko makao makuu yaliko. Zitataja amani, umoja wa nchi na uchaguzi wa 2006, na redio hiyo inastahili sifa hizo. Lakini chombo cha habari hujulikana vizuri zaidi pale mawimbi yake yanapoanza kufifia, na katika jimbo la Kivu Kaskazini pale ni milima ya Masisi na msitu wa Walikale. Ukiitazama kutoka huku, kazi kubwa ya Okapi haikuwa kuleta amani, maana amani haikuja. Iliwapa watetezi wa vijijini mahali pa kupeleka neno, na kwa kufanya hivyo ikawabadilisha watetezi wenyewe, kwa heri na kwa shari.

Mashirika yalitangulia redio. Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, Zaire nzima iliingia katika kuanzisha vyama. Huku vingi vilikuwa vya kikabila. MAGRIVI, iliyojiita ushirika wa wakulima wa Virunga, ilisemea Wahutu. Bushenge-Hunde ilisemea Wahunde. Kyaghanda ilisemea Wanande. Kila kimoja kilikuwa na madai yake juu ya ardhi, uraia na mamlaka ya mwami. Redio iliyosikika ilikuwa OZRT, ya serikali, na serikali yenyewe ilikuwa na mkono wake katika ugomvi. Tarehe 20 Machi 1993 vijana wenye silaha walilivamia soko la Ntoto, ndani ya Walikale, wakaua watu wasemao Kinyarwanda waliokuja kuuza na kununua. Moto ukaenea Masisi yote. Maelfu walikufa, wapatao 250,000 wakakimbia. Habari za Ntoto zilisafiri kwa miguu: kila kijiji kilisikia kisa kutoka kwa mkimbizi wa kwanza kupita, na kisa hicho kilitegemea mkimbizi huyo ni wa kabila gani. Wazee wa Masisi waliokuwa watu wazima mwaka ule watakuambia kwamba uvumi ulifika kabla ya wauaji.

Kisha redio ikaja, nayo ikaja na jina baya. Redio RTLM ya Kigali ilikuwa imewaonyesha watu wa Maziwa Makuu kile ambacho kipaza sauti kinaweza kufanya mikononi mwa wanaotaka damu. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Kirwanda waliingia Goma, na hofu zao na uwongo waliolishwa vikaingia pamoja nao. Hapo waandishi wachache kutoka Uswisi walifanya jambo lililoonekana la kitoto: wakaanzisha redio nyingine. Radio Agatashya ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu Agosti 1994, habari kavu na matangazo ya kutafutana kwa jamaa waliopoteana, bila upande. Ilidumu hadi Oktoba 1996, vita vilipoufikia mji huo. Waandishi hao walikuwa wameunda Fondation Hirondelle mwaka 1995, yenye makao Lausanne, na shirika hilo ndilo lililokuja kuwa mzazi mmoja wa Okapi. Wanaosema Okapi ililetwa kutoka Ulaya wana haki nusu. Wazo lake lilipimwa kwanza katika Kivu, kando ya ziwa, miaka minane kabla.

Mzazi wa pili alikuwa MONUC, misheni ya Umoja wa Mataifa. Nchi ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa na serikali, Goma na waasi wa RCD, Gbadolite na waasi wa MLC, na katikati yao mstari wa vita ambao barua, gari wala gazeti havikuuvuka. Januari 17, 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Wiki tano na nusu baadaye, tarehe 25 Februari, siku ileile mazungumzo ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, Okapi ikaenda hewani. Mji uliokuwa bado unachimbua mabati kutoka kwenye mawe meusi ulisikia taarifa ya habari moja na Kinshasa, kwa dakika zilezile. Kwa mtu aliyezaliwa baada ya hapo ni vigumu kueleza ukubwa wa jambo hilo. Serikali na waasi walikuwa wakisomewa pamoja, maneno yao yamewekwa ubavu kwa ubavu, na msomaji habari hakumwita yeyote kati yao adui.

Lugha zilikuwa tano: Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Kwa Masisi na Walikale Kiswahili ndicho kilichofanya kazi. Ndiyo lugha ya soko la Mubi na ya kituo cha afya cha Nyabiondo, lugha ambayo Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mrega, Mhutu na Mtutsi hukutana ndani yake bila mmoja kujiona mgeni wa mwenzake. Kilikuwa Kiswahili cha huku, chenye maneno ya Kifaransa pembeni, si cha Dodoma, na hakuna aliyelalamika.

Mawimbi yalikuwa jambo lingine. Walikale peke yake ina zaidi ya theluthi moja ya eneo la jimbo zima, karibu yote msitu, na FM haipendi milima wala miti. Kwa miaka ya mwanzo Okapi ilirusha pia kwa masafa mafupi, na redio ndogo za betri ziliikamata hata kule ambako chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, haifiki. Nchi ile ilijua kusikiliza kwa muda mrefu: utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliorekodiwa huko na Daniel Biebuyck mwaka 1956, ulichukua siku 12 kusimuliwa. Taarifa ya habari ya nusu saa haikuwa mzigo.

Sasa niende kwa yule msemaji. Redio ilipotaka habari za Pinga au Itebero haikuwa na mwandishi kila mahali, na haingeweza kuwa naye. Ilihitaji mtu anayejua eneo, asiyevaa sare, atakayejibu simu. Mashirika ya kiraia yalikuwapo, yenye uzoefu wa kuandika tamko na kugonga muhuri, lakini matamko yao yalikuwa yakiishia kwenye dawati la karani. Pande mbili zikahitajiana. Tamko lililosomwa saa kumi na mbili asubuhi liliweza kumfanya mkuu wa kikosi aitwe Goma kabla ya saa sita. Mtu aliyekuwa mwalimu au muuguzi wa kawaida akawa sauti ya teritwari.

Mwandishi anayejua kazi yake hafanyi habari kwa simu hiyo moja. Tuseme shirika la kiraia linasema watu 12 wameuawa Katoyi. Atampigia muuguzi wa kituo cha afya, si kumuuliza nani kaua bali miili mingapi kaiona. Atamtafuta mkuu wa kijiji, ambaye huenda amekimbilia Ngungu na hana chaji. Atamtafuta padri au mchungaji. Atamwuliza msemaji wa jeshi na kumwachia nafasi yake. Wakati mwingine idadi inashuka hadi nne, na inatangazwa nne, na msemaji wa kwanza ananuna. Mtu anayepiga simu kutoka kilimani, mahali pekee penye mtandao, huku akitazama nyuma asionekane, anastahili heshima, lakini heshima hiyo haifuti wajibu wa kuhesabu upya. Nadhani hii ndiyo shule kubwa ambayo Okapi iliifungua mashinani bila kuweka kibao mlangoni. Wasemaji wenye akili walijifunza kwamba ukizidisha idadi mara mbili, mara ya tatu hupigiwi.

Wengine hawakujifunza. Katika Masisi shirika la kiraia halikuwahi kuwa juu ya makabila. Mara nyingi lilikuwa ni ugomvi ule wa 1993 uliovaa suti. CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, ilipoushika ukanda wa Kitchanga kuanzia 2006, kulikuwa na wasemaji walioona kila uovu wa CNDP na hawakuona hata mmoja wa wanamgambo wa Mai-Mai, na wengine kinyume chake. Redio iliwapa wote kipaza sauti. Wapo waliokipanda hadi ubunge, na hilo halinishangazi: mtu akisikika kila wiki kwa miaka mitano, jina lake limeshafanya kampeni. Lipo pia pengo moja ambalo sherehe hazitalitaja. Mkongo wa Masisi ambaye lugha ya mama yake ni Kinyarwanda aliisikia lugha hiyo kwenye Okapi katika kipindi kimoja tu, na kipindi hicho hakikumlenga yeye.

Kipindi chenyewe ni Gutahuka, nacho kinahitaji maelezo, maana huenda ndicho kilichogusa maisha ya watu wengi zaidi katika msitu wa Walikale. Kiliwalenga wapiganaji wa FDLR, Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Masisi na Walikale tangu 1994, wengine wakiwa wameoa na kulima. MONUC haikuwa na uwezo wa kuwatoa kwa nguvu. Ikatumia sauti. Mpiganaji aliyetoroka na kujisalimisha aliwekwa mbele ya kipaza sauti akajitaja jina, cheo na kikosi alichotoka, akawasalimu wenzake aliowaacha kwa majina yao, akawaambia kwamba amefika kambi ya Mutobo nchini Rwanda yu hai. Mbinu nzima ilikuwa hiyo. Makamanda walijua nguvu yake, na kukutwa na redio kambini kukawa hatari. Mitambo midogo ya kuhamishika ilipelekwa karibu na maeneo yao ili sauti iwafikie. Wataalamu wa propaganda wameandika vitabu vizito kuhusu namna ya kumvunja moyo adui. Sijui kama yupo aliyepata njia rahisi kuliko kumwacha rafiki yake amtaje kwa jina.

Bei ya kazi ya redio na ya watetezi ililipwa zaidi Bukavu kuliko huku. Tarehe 31 Julai 2005 aliuawa nyumbani kwake Pascal Kabungulu, mtetezi wa haki za binadamu wa shirika la Héritiers de la Justice. Tarehe 13 Juni 2007 ikawa zamu ya Serge Maheshe, katibu wa chumba cha habari cha Okapi mjini humo, kijana wa miaka 31, aliyepigwa risasi barabarani usiku. Tarehe 21 Novemba 2008 akafuata mwenzake Didace Namujimbo. Kesi zilisikilizwa na mahakama za kijeshi, na Journaliste en danger, shirika la Kinshasa linalotetea waandishi tangu 1998, halikuridhika na namna zilivyoendeshwa. Huku Masisi wasemaji wa mashirika waliisoma habari hiyo walivyojua wao: kama mwandishi mwenye beji ya Umoja wa Mataifa anaweza kuuawa mjini, mwalimu wa Nyamitaba analindwa na nini? Kuanzia hapo habari nyingi zikaanza kwa maneno "vyanzo vya eneo hilo", bila jina.

Na sasa Luvungi. Taasisi yoyote inayoadhimisha miaka yake inapaswa kuukaribia usiku wake mbaya, hata kama kosa si la wasoma habari.

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa FDLR, wa Mai-Mai Sheka na askari waasi waliingia katika vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Walikale. Waliziba njia, wakapora nyumba kwa nyumba, wakabaka. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kilomita zipatazo 30 kutoka Luvungi, kimoja cha vijiji hivyo. Doria yao ilipita barabarani na haikuambiwa. Ungewaambia nini, kwa lugha gani, mbele ya nani? Vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu. Redio ambayo kwa miaka minane ilikuwa imezoea kupigiwa na shirika la kiraia haikupigiwa, kwa sababu hapakuwa na cha kupigia. Ilichukua takriban wiki tatu dunia kujua, na ilijua kupitia madaktari wa shirika la International Medical Corps waliokwenda kutibu. Idadi za kwanza hazikufika 200. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Julai 2011 ilihesabu watu 387: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23, wavulana 9. Nimeziandika zote nne kwa sababu magazeti mengi yalitaja ile ya kwanza na kuziacha nyingine.

Septemba 2010 Atul Khare, afisa wa ngazi ya juu wa operesheni za kulinda amani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hatua za Umoja wa Mataifa hazikutosha. Fikiria nafasi ya mhariri wa Okapi siku hiyo. Mwajiri wake ndiye habari. Mshahara wake, gari lake na ukuta unaomlinda vinatoka kwa misheni ambayo imekiri kushindwa. Kwa Kiswahili cha mtaani ungesema redio ilikuwa inakula kwenye sahani ya mshtakiwa, na hilo ni kweli tangu siku ya kwanza hadi leo. Mkataba wa Okapi ulijaribu kulipunguza kwa kuiweka Hirondelle katikati kama ngao ya uhariri, lakini ngao haimwondoi mtu mezani.

Kilichofuata baada ya Luvungi kilibadilisha kazi ya mashirika kuliko semina zote zilizotangulia. Misheni, ambayo tangu Julai mwaka ule iliitwa MONUSCO, iliunda mitandao ya tahadhari: watu wa kijijini walipewa simu au redio za mawasiliano na namba ya kupiga, na wasaidizi wa Kikongo waliwekwa kambini ili wanajeshi wa kigeni wawe na mtu anayeelewa wanachoambiwa. Tahadhari zikaongezeka. Majibu hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na hapo ndipo wasemaji walipojifunza jambo la pili: neno lisilojibiwa na kambi lipelekwe redioni. Kiongozi wa Mai-Mai, Ntabo Ntaberi Sheka, alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikampa kifungo cha maisha.

Mwaka uleule wa 2010 Walikale iligeuka jina linalotajwa Washington. Bisie, mlima wa kasiteriti uliogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa mikononi mwa askari waliogeuka wafanyabiashara, na ripoti ya Global Witness ya 2009 ilikuwa imeeleza nani anatoza nini kwenye njia ya kutoka mgodini. Kabla yake Pole Institute ya Goma ilikuwa imechapisha, Januari 2002, utafiti juu ya koltani ya Masisi na jinsi homa yake ilivyowatoa watoto shuleni na wakulima shambani. Watafiti wa Goma waliandika wakiwa na matope kwenye viatu. Mashirika ya nje yalikuwa na kitu ambacho Goma haikuwa nacho, yaani mlango wa Bunge la Marekani. Sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu cha 1502 juu ya madini ya migogoro, ilitiwa saini Julai 2010. Septemba Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji wa Njingala waliipokea habari hiyo kama wanavyopokea mvua: imeamuliwa mbali. Mwaka 2014 wataalamu 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi kulalamika kwamba kampeni hizo ziliwaumiza wale waliokusudiwa kusaidiwa. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Sauti ya Walikale ilikuwa imefika redioni Kinshasa. Haikufika kwenye chumba ambamo kifungu cha 1502 kiliandikwa.

Serikali nayo ilikuwa na namna yake ya kusikiliza. Waasi wa M23 waliiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012. Okapi ilimhoji Jean-Marie Runiga, kiongozi wa kisiasa wa waasi, na tarehe 1 Desemba, siku ileile waasi walipoondoka mjini, mamlaka ya kusimamia utangazaji, CSAC, ikaizima kwa siku nne. Sababu rasmi ilikuwa ya makaratasi. Novemba 2016, Kinshasa ilipokuwa ikijiandaa kwa maandamano dhidi ya Kabila, mawimbi ya Okapi yalivurugwa mjini humo. Na Januari 2025 Al Jazeera ilinyang'anywa vibali kwa kumhoji Bertrand Bisimwa wa M23. Miaka kumi na miwili, marais wawili, hoja ni ileile: anayempa adui kipaza sauti ni adui. Mwaka 2002 redio iliruhusiwa kuwasomea pamoja serikali na waasi kwa sababu wote walikuwa wakielekea mezani. Hakuna aliyeandika popote kwamba ruhusa hiyo ni ya kudumu.

Tangu 2012 kizazi kingine cha watetezi kilikuwa kimeacha kungoja kupigiwa simu. LUCHA, vuguvugu la vijana, ilizaliwa Goma mwaka huo, bila rais, bila ofisi, bila muhuri. Vijana wake walidai maji, ajira na uchaguzi, wakafagia barabara, wakakamatwa, na picha za kukamatwa kwao zilikuwa zimeshaenea kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Februari 2016 sita kati yao walikamatwa Goma wakiandaa siku ya kukaa nyumbani. Mmoja alikuwa Rebecca Kabugho. Luc Nkulula, mmoja wa wanaojulikana zaidi, alifia katika moto nyumbani kwake Goma Juni 2018. Kwa LUCHA redio ilikuwa mwaliko mmoja kati ya mingi. Simu ilikuwa imefika Masisi, na pamoja nayo makundi ya WhatsApp ambamo sauti ya dakika moja, isiyo na jina wala tarehe, inaweza kuhamisha soko zima. Ule uvumi wa 1993 sasa una chaji.

Redio za jamii ndizo zilizopaswa kuujibu. Masisi na Walikale zimekuwa nazo kadhaa, chumba cha mbao, mtambo mdogo, paneli ya jua juu ya bati. Zinaishi kwa matangazo ya kulipiwa: msiba, mbuzi aliyepotea, mkutano wa kanisa, na kampeni za chanjo pale mfadhili anapokuwapo. Mwandishi wake analala jirani na anayemwandika. Kamanda akichukia habari haandiki barua kwa CSAC; anatuma kijana. Tangu mapigano yaliposonga ndani ya Masisi mwaka 2024 redio kadhaa kati ya hizo zimeporwa au kufungwa, na watangazaji wake wakaungana na wasikilizaji wao kwenye mahema. Okapi ilizitumia kwa muda mrefu kama masikio yake. Zikinyamaza, nayo inakuwa kiziwi upande huo.

Hirondelle ilimaliza ushirikiano wake na redio hii mwaka 2014, na kutoka hapo Okapi ikabaki na mzazi mmoja. Mzazi huyo hakuwa akipendwa. Julai 2022 watu wa Goma walivamia ofisi na ghala za MONUSCO wakidai iondoke, na mwandishi wa Okapi alilazimika kuripoti maandamano dhidi ya nembo iliyo kwenye gari lake. M23 iliichukua Rubaya na koltani yake mwisho wa Aprili 2024, Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma yenyewe tarehe 27 Januari. Tarehe 19 Machi iliingia Walikale-centre. Kampuni ya Alphamin ilikuwa imeshafunga mgodi wake wa Bisie siku chache kabla. Mwanzoni mwa Aprili waasi wakatoka. Mstari wa vita umerudi, na umerudi ukikatiza teritwari hizi mbili.

Misheni za Umoja wa Mataifa zina mwisho, na redio zao zimekwisha kwa njia tofauti. Sierra Leone redio ya Umoja wa Mataifa iliunganishwa na ya serikali mwaka 2010, likazaliwa shirika la utangazaji la umma ambalo limekuwa likilalamikiwa kuegemea waliopo madarakani. Côte d'Ivoire, misheni ilipofungwa mwaka 2017, redio yake ilikabidhiwa wakfu wa amani wenye jina la Félix Houphouët-Boigny. Ya Liberia ilikabidhiwa ECOWAS mwaka 2018. Mali, mwaka 2023, Mikado FM ilizimwa tu, pamoja na misheni. Kati ya hizo nne, ya Sierra Leone ndiyo ningeiogopa zaidi kwa Kongo, kwa sababu ya Runiga na yale ya 2016. Ya Mali ndiyo rahisi zaidi kutokea bila mtu kuiamua, maana mtambo wa FM juu ya kilima cha Masisi unadai mafuta ya jenereta, fundi na mlinzi kila mwezi, na tangazo la mbuzi aliyepotea haliwezi kulipa hayo.